Puli ya mota inaonekana kurudi nyuma usiku chini ya taa za tyubu: sababu ni nini?

MkerezajiTanga

Wanajukwaa, salaam.

Nina karakana ya kukereza vyuma hapa Tanga. Kwa miaka mingi tulikuwa tukifunga kazi jua linapozama, lakini tangu oda za shafti za mashine za kusaga nafaka ziongezeke tumelazimika kufanya kazi hadi saa nne usiku, na ndipo nilipoanza kuona jambo ambalo sijapata mtu wa kunieleza sawasawa.

Mota ya lethi, yaani mashine ya kukereza, inazungusha puli ya chuma yenye mikono minne, nayo iko nyuma ya wavu wa kinga. Mchana, mashine ikiwa inafanya kazi, mikono ile haionekani kabisa. Unaona ukungu wa kijivu tu. Usiku, tukiwasha taa za tyubu, mikono minne inaonekana waziwazi, imefifia kidogo pembeni, nayo inazunguka taratibu kwa kurudi nyuma, kinyume na upande ambao najua kwa hakika kwamba mota inazungukia. Mwanzoni nilidhani ni uchovu wa macho. Nikazima mashine, nikapaka doa la rangi nyeupe kwenye mkono mmoja tu, kisha nikawasha tena. Badala ya doa moja nikaona madoa manne, kila mkono na la kwake, yakirudi nyuma pamoja. Nilitazama saa: mashine ikizunguka bila mzigo, doa linamaliza mzunguko wa kurudi nyuma kwa sekunde tatu hivi, na kisu kinapouma chuma linaharakisha, likawa linamaliza mzunguko kwa sekunde moja. Jambo jingine ni kwamba yale madoa manne hayalingani, kwani mawili yanayokabiliana yana mng'ao zaidi ya mengine mawili.

Kibao cha mota kinasema mizunguko 1,440 kwa dakika, hezi 50. Taa ni tyubu sita za futi nne, zenye choki (koili inayodhibiti mkondo) na stata (kiwashio) za kawaida, zote kwenye swichi moja. Nimegundua pia kwamba nikiitikisa rula nyeupe ya plastiki chini ya taa hizo, naona rula nyingi zilizopangana kama vidole, na kingo zake nyingine zina rangi ya samawati na nyingine ya manjano.

Ningeweza kuliacha jambo hili kama kichekesho, ila wiki iliyopita kijana wangu wa kazi aliitazama chaki ya lethi, yaani kile kishikio chenye taya tatu, wakati gia iko kwenye mizunguko 1,000. Yeye aliona taya sita zinazotambaa polepole, akadhani nimeshazima na mashine inaelekea kusimama, akapeleka mkono wenye tambara. Nilimvuta kwa kola ya ovaroli. Hakuumia, lakini usiku ule sikupata usingizi, na ndiyo sababu naandika.

Msafiri_wa_Reli

Kaka Mkerezaji, pole kwa mshtuko huo. Kwa uelewa wangu hili ni jambo la macho. Jicho hufanya kazi kama kamera, linapiga picha kadhaa kwa sekunde na ubongo unaziunganisha, kwa hiyo kitu kinachozunguka kwa kasi fulani kinaweza kuonekana kimesimama au kinarudi nyuma. Ukipiga video ya panga boi kwa simu utaona jambo hilohilo.

MwalimuWaFizikia

Bwana Mkerezaji, lile doa la rangi ni jaribio ambalo ningefurahi sana kuona mwanafunzi wangu wa kidato cha sita akilibuni mwenyewe. Mchango uliotangulia una ukweli kwa upande wa video. Simu inayorekodi picha 30 kwa sekunde ikitazama panga boi la mapanga matatu, mara tu feni inapovuka mizunguko 300 kwa dakika, kila panga linakuwa limekwenda zaidi ya nusu ya njia ya kulifikia panga la mbele yake kati ya picha moja na nyingine, na mtazamaji anashawishika kwamba limerudi nyuma. Lakini hilo halijibu swali lako. Macho yako ni yaleyale mchana na usiku, puli ni ileile, na mota ni ileile. Kilichobadilika ni mwanga.

Umeme wa gridi yetu ni mkondo geu wa hezi 50, maana yake kila sekunde mkondo unakwenda na kurudi mara 50. Katika kila mwendo huo unapita sifuri mara mbili, na kwa hiyo kuna vipindi 100 kwa sekunde ambapo tyubu haipati nguvu yoyote. Globu ya waya haijali sana vipindi hivyo, kwa sababu waya uliokolea moto hauwezi kupoa ndani ya sehemu ya mia ya sekunde. Tyubu haina waya wa kuhifadhi joto. Ndani yake mna mvuke wa zebaki wenye shinikizo dogo sana. Elektroni zinagonga atomu za zebaki, atomu hizo zinatoa miale ya urujuanimno, hasa ile yenye urefu wa wimbi wa nanomita 254 ambayo jicho haliioni, na unga mweupe uliopakwa upande wa ndani wa kioo unaibadilisha miale hiyo kuwa mwanga tunaouona. Mkondo ukikatika, zebaki inanyamaza karibu papo hapo. Unga ndio unaobaki na mng'ao kidogo, na ndiyo maana mwanga haufiki giza kabisa bali unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, mara 100 kila sekunde. Jicho halitambui kupanda na kushuka huko unapotazama ukuta, lakini kitu kinachozunguka kinakutolea siri, kwa kuwa kila mmweko unakionyesha kikiwa mahali pengine.

Sasa tuje kwenye puli yako. Kama mota ingezunguka mara 1,500 kwa dakika kamili, hiyo ingekuwa mizunguko 25 kwa sekunde, na kati ya mmweko mmoja na unaofuata puli ingegeuka robo ya mzunguko barabara. Puli ina mikono minne inayofanana. Kila mkono ungefika palepale ulipokuwa mwenzake, na wewe ungeona puli iliyosimama. Doa moja lingemulikwa kwenye nafasi nne kwa zamu, likaonekana madoa manne, kila moja likiwa hafifu kwa kuwa linapata mmweko mmoja tu katika kila minne. Hilo ndilo uliloliona.

Kwa nini basi linarudi nyuma? Kwa sababu mota yako haifiki 1,500. Mota za aina hii zina nguvu ya sumaku inayozunguka ndani ya stata ya mota, yaani sehemu yake isiyozunguka (si ile stata ya taa), na kwa mota ya ncha nne kwenye hezi 50 sumaku hiyo inazunguka mara 1,500 kwa dakika. Rota, yaani sehemu ya mota inayozunguka, inaikimbiza, lakini haiwezi kuifikia, kwani ikiifikia hakutakuwa na mkondo unaozalishwa ndani ya rota na nguvu ya kuisukuma itapotea. Lazima ibaki nyuma kidogo, na mzigo ukiongezeka lazima ibaki nyuma zaidi.

Chukua saa yako uthibitishe. Bila mzigo umeona madoa yakirudi nyuma mzunguko mmoja kwa sekunde tatu, yaani mizunguko 20 kwa dakika. Basi mota ilikuwa kwenye 1,480. Kila mmweko uliikuta puli imegeuka nyuzi 88.8 badala ya 90, imepungukiwa nyuzi 1.2, mimweko 100 inafanya upungufu wa nyuzi 120 kwa sekunde, na sekunde tatu zinatimiza nyuzi 360. Kisu kilipouma, mzunguko mmoja kwa sekunde, yaani 60 kwa dakika, ukaacha 1,440. Soma tena kibao cha mota yako. Namba iliyoandikwa pale ni mwendo wa mota ikiwa na mzigo kamili, na wewe umeipima kwa doa la rangi na saa ya mkononi.

Utagundua pia kwamba hata mzunguko wa umeme wa gridi, yaani zile hezi 50, ukipungua kidogo jioni, puli haitaanza kurukaruka, kwa sababu taa na mota zinakula kwenye sahani moja, na upungufu wa mmoja ndio upungufu wa mwingine.

Chaki nayo ni hesabu hiyohiyo. Mizunguko 1,000 kwa dakika ni karibu 16.7 kwa sekunde, ambayo ni sehemu moja ya sita ya mzunguko kwa kila mmweko. Taya tatu zinamulikwa kwenye nafasi tatu, kisha kwenye nafasi nyingine tatu zilizo katikati yake, halafu zinarudia zile za kwanza. Kijana wako hakukosea kuhesabu. Alionyeshwa taya sita. Kwenye 2,000 angeonyeshwa tatu zilizotulia, jambo ambalo ni hatari zaidi kwa sababu halina hata dalili ya kumshtua mtu.

Kuhusu rangi kwenye kingo za rula, nashuku tyubu zako ni za unga wa aina ya zamani uitwao halofosfeti ya kalisi, uliogunduliwa Uingereza mwaka 1942 na A. H. McKeag. Unga huo una viungo viwili vinavyotoa mwanga: antimoni hutoa samawati, na manganizi hutoa rangi ya manjano inayoelekea chungwa. Antimoni inazimika upesi mkondo ukikatika, ilhali manganizi inaendelea kung'aa kwa milisekunde kadhaa. Kwa hiyo kwenye kilele cha mmweko mwanga una samawati nyingi, na kwenye bonde unabaki wa manjano. Ukutani vyote vinachanganyika kuwa weupe, lakini rula inayotembea inavitandaza kando kwa kando, kama mtu anayeanua nguo zilizokuwa zimerundikana. Ukitaka uhakika, chukua CD ya zamani uitazame taakisi ya tyubu kwenye upande wake unaong'aa. Tyubu ya unga wa aina tatu, ule wenye madini kama yuropiamu na tebiamu, itakuonyesha vipande vya rangi vilivyotengana. Halofosfeti itakuonyesha rangi zilizoenea kwa mfululizo, na juu yake mistari michache iliyokolea inayotoka kwa zebaki yenyewe.

Nimebakiwa na swali moja nisiloweza kulijibu kwa hesabu hii: mbona madoa mawili yana mng'ao zaidi?

FundiChoki

Hapo kwenye madoa mawili nipisheni mimi, kwani nimebadilisha tyubu Mombasa nzima tangu enzi za zile nene za wati 40.

Mwalimu amesema mimweko ni 100, na ni kweli ikiwa tyubu ni nzima. Mkondo unapokwenda upande mmoja, elektrodi ya kushoto ndiyo inayomwaga elektroni. Unaporudi, kazi hiyo ni ya kulia. Elektrodi zimepakwa dawa inayosaidia elektroni kutoka, na dawa hiyo inaisha kwa matumizi, hasa kwa kuwashwa na kuzimwa mara nyingi. Weusi unaouona kwenye ncha za tyubu iliyochoka ni mabaki yake. Mara nyingi haziishi sawasawa. Upande mmoja ukiwa umechoka zaidi, mkondo wa upande huo unakuwa dhaifu, na tyubu inatoa mmweko mkubwa, mmweko mdogo, mkubwa, mdogo. Katika puli yako, nafasi ya kwanza na ya tatu zinapata mimweko mikubwa, ya pili na ya nne zinapata midogo. Ndiyo madoa yako mawili yanayokabiliana. Naweka dau la kikombe cha kahawa kwamba tyubu iliyo karibu na mota ina ncha nyeusi, tena ukiitazama kwa pembe ya jicho, bila kuielekezea macho, utaona inatetemeka. Sehemu ya pembeni ya jicho ni hodari kuliko katikati kwa kutambua mtetemo, na mtetemo wa 50 kwa sekunde ni rahisi kuonekana kuliko ule wa 100. Hata tyubu nzima ina mtetemo huo wa 50 kwenye vile vipande vifupi karibu na ncha, kwa sababu kila elektrodi inapata zamu yake mara 50 tu kwa sekunde. Ndiyo maana mafundi wa zamani walipenda fremu zenye kifuniko cha kuficha ncha.

Sasa tiba, kwani hilo ndilo lililokunyima usingizi.

Ya kwanza, ambayo ungeweza kuifanya kesho asubuhi, ni kuweka taa ya globu ya waya kwenye lethi yenyewe, ikimulika chaki kwa karibu, kwa volti 24 kupitia transfoma. Waya wa globu ya volti ndogo ni mnene, unahifadhi joto vizuri kuliko ule wa volti 230, na mwanga wake hautikisiki kiasi cha kukudanganya. Lethi nyingi za zamani zilitoka kiwandani na taa hiyo, nasi tukaing'oa kwa kudhani ni pambo.

Ya pili ni kuondoa choki na stata, ukaweka balasti ya elektroniki, yaani kifaa kinachofanya kazi ya choki kwa njia ya elektroniki. Hiyo inaipelekea tyubu mkondo wa hezi 20,000 na kuendelea, na hakuna puli duniani itakayokimbizana na mimweko hiyo. Lakini tazama unanunua nini. Balasti za bei ya chini zina kapasita ndogo ya kulainisha umeme, kwa hiyo mtikisiko wa 100 unapenya na kubaki juu ya ule wa haraka. Utalipa fedha na puli itaendelea kurudi nyuma.

Ya tatu ni ya wenye umeme wa fezi tatu, na kwa kuwa una lethi kubwa nadhani unao. Taa zako sita ziko kwenye swichi moja, yaani fezi moja, zote zinapanda pamoja na kushuka pamoja kama wanakwaya. Zigawe fezi tatu, kwa kuzipishanisha ili kila sehemu ya mashine imulikwe na taa za fezi zote. Moja ikishuka, nyingine inapanda. Jambo hili lifanywe na fundi mwenye leseni, na fremu ziwekewe alama, kwa sababu kati ya fezi na fezi kuna volti 400, na mtu anayebadilisha tyubu huku amezoea 230 anaweza kukutana na asilolitarajia.

Kuna njia nyingine ya fremu ya tyubu mbili ambapo choki moja inaunganishwa na kapasita kwa mfululizo, ili mkondo wa tyubu moja utangulie na wa nyingine uchelewe. Ilikuwa njia nzuri. Sijaziona dukani siku nyingi.

Mama_Vyerehani

Naomba kuuliza kwa ufupi, kwa sababu mada hii imenigusa. Nina vyerehani vya umeme vinane, na chini ya taa za tyubu sindano huonekana kama ziko mbili, moja juu na moja chini, zote zimetulia. Wasichana wangu wawili wanalalamika kuumwa kichwa wakifanya kazi jioni. Je, mambo haya mawili yana uhusiano, au ni uchovu wa kawaida?

MwalimuWaFizikia

Mama, hilo la sindano ni rahisi: cherehani kinachoshona mishono 3,000 kwa dakika kinashona 50 kwa sekunde, kwa hiyo kila mshono unapata mimweko miwili, mmoja ukiikuta sindano juu na mwingine ukiikuta chini.

Kuhusu kichwa, kuna utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1989 na Arnold Wilkins pamoja na wenzake, waliolinganisha wafanyakazi wa ofisini chini ya taa za balasti za kawaida (choki) na chini ya taa za balasti za mzunguko wa juu, yaani za elektroniki, bila wafanyakazi wenyewe kuambiwa. Kwa wastani, maumivu ya kichwa na macho kuchoka vilipungua kwa zaidi ya nusu chini ya taa za mzunguko wa juu. Si kila mtu anaathirika, na kichwa kina sababu nyingi, lakini macho yanaporuka kutoka mshono mmoja hadi mwingine yanapita juu ya mimweko mingi, na kila mmweko unaacha taswira yake mahali tofauti ndani ya jicho. Jaribu kubadilisha balasti za upande wanaokaa hao wawili tu, kisha uwasikilize baada ya wiki chache.

Mswahili_Toronto

Nyongeza ndogo kwa walio huku Amerika ya Kaskazini. Umeme wetu ni hezi 60, kwa hiyo mimweko ni 120 na sumaku ya mota ya ncha nne inazunguka mara 1,800. Vibao vingi vya mota huku vinaandika 1,725 au 1,750. Msiazime namba za Mkerezaji. Na wale waliowahi kumiliki gramafoni yenye vidoti pembezoni mwa sahani ya kuzungushia santuri, sasa mnajua kazi ya vidoti vile. Kwa santuri ya mizunguko 33⅓ kwa dakika vinahitajika vidoti 180 chini ya taa ya hezi 50, na 216 chini ya hezi 60. Baba yangu alihama Unguja na gramafoni yake, akaishi miaka mingi akiamini kwamba imeharibika safarini kwa sababu vidoti havikutulia.

MkerezajiTanga

Nimerudi na majibu, na kwanza namdai Fundi Choki chochote isipokuwa kahawa, kwani dau ameshinda yeye. Tyubu iliyo juu ya mota ilikuwa na ncha nyeusi kama sufuria ya kuni. Niliibadilisha jana jioni, na madoa yote manne sasa yanalingana.

Taa ya globu kwenye lethi nimeifunga. Mabadiliko ni makubwa kuliko nilivyotegemea: taya za chaki zimerudi kuwa ukungu, kama mchana, na kijana wangu mwenyewe ameniambia kwamba sasa anaiogopa inavyostahili. Sikutegemea kufurahia ukungu.

Swali la mwisho: duka moja hapa mjini linanishauri niache habari za balasti kabisa, niweke tyubu za LED, kwa madai kwamba hazina mtetemo. Je, ni kweli?

FundiChoki

Si kweli kwa ujumla, ingawa inaweza kuwa kweli kwa tyubu fulani. LED haina unga wa manganizi wa kushikilia mwanga. Unga wake unazimika upesi mno, kwa hiyo LED inafuata mkondo inaopewa bila huruma. Ikipewa mkondo uliolainishwa vizuri, inatulia kuliko tyubu yoyote ya choki. Ikipewa mkondo ambao haukulainishwa, inazima kabisa mara 100 kwa sekunde, na puli yako itaonekana imesimama kwa ukali ambao hujawahi kuuona.

Usimwamini muuzaji, wala mimi. Mwambie aiwashe pale dukani, kisha uitazame kwa simu yako kwenye ile video ya mwendo wa pole, ya picha 240 kwa sekunde. Taa inayopumua kwenye video iache hapo hapo. Ukikuta simu haina video hiyo, kamera ya kawaida iliyosogezwa karibu na taa itakuonyesha mistari ya giza inayopita kwenye kioo, kwa kuwa kamera inasoma picha mstari kwa mstari na mwanga unabadilika kabla haijamaliza.

Ila usichelewe sana kuamua. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana mwaka 2023 kwamba utengenezaji na biashara ya nje ya tyubu za zebaki vikome ifikapo mwaka 2027, kwa hiyo balasti nzuri utakayonunua leo inaweza kukosa tyubu ya kuiwasha.

MkerezajiTanga

Ahsante, Fundi. Nilikwenda na simu. Nilijaribu LED za aina nne. Tatu zilipumua, moja ikatulia, nayo ndiyo niliyonunua, tano kwa ajili ya ukumbi wote.

Ya sita sikununua. Ile tyubu mpya ya choki iliyo juu ya mota nimeiacha, nikaiwekea swichi yake peke yake, kwa sababu puli iko nyuma ya wavu na hakuna anayeweza kuishika. Jana usiku chaki ilianza kupunguza mwendo kila kisu kilipouma, na kijana akasema mota imechoka. Niliwasha ile tyubu nikatazama madoa: yalikuwa yakirudi nyuma taratibu, mzunguko kwa sekunde tatu, kana kwamba mashine haina mzigo kabisa. Basi mota haikuwa inabeba kitu; mkanda unaopeleka nguvu yake kwenye chaki ulikuwa ukiteleza. Tulizima, tukakaza mkanda, na kisu kilipouma tena madoa yakarudi kwenye sekunde moja.

MwalimuWaFizikia

Naomba ruhusa ya kulitumia hilo la mkanda kwenye mtihani wa muhula.